Mwaka Niliochunga Bata Burat

Nakiru alinipigia simu nikiwa mlangoni pa duka langu hapa mjini Isiolo, nangoja maziwa ya ngamia yashushwe kutoka kwa lori. Alisema tu, "Mama amepumzika." Kwa vile wapakuzi walikuwa wakibishana nyuma yangu, sijui hata kama alisikia nilipomwambia pole. Alisema mazishi ni Jumamosi, hapo hapo nyumbani Burat, kisha akaongeza neno lililonifanya niingie ndani nikae juu ya mtungi mtupu: "Usikose, Talaso. Na usije ukasimama kwa lango." Mimi si mtu wa kuandika vitabu. Niliachia shule darasa la saba, na ninachoweza ni kuandika mistari michache kila jioni kuhusu siku ilivyokwenda, tabia niliyoanza mwaka ule ule ninaotaka kueleza. Nimerudi kuisoma mistari hiyo na hainisaidii. Ukurasa baada ya ukurasa inasema, "Leo bata ni wazima. Leo upepo." Kwa hivyo mengi ya hapa yametoka kichwani, na kichwa cha mtu hupenda kumtetea mwenyewe. Msomaji ayapime.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa kama miaka ishirini, nimepanga chumba katika boma la Mama Nakiru, mamake huyo aliyenipigia simu. Alikuwa Mturkana, mjane, mwenye shamba dogo la vitunguu na sukuma kando ya mfereji wa maji, na mwenye bata wengi kuliko mtu yeyote upande ule. Bata ndio waliomlisha. Aliwauzia wenye hoteli za mjini na wake wa wanajeshi wa kambini. Jikoni kwake kulikuwa kwa mabati yaliyoshika masizi, chini udongo, na bata walikuwa wakiingia na kutoka kama watu wenye haki ya kuingia. Jioni nilikaa pale kwenye kigoda nikimsaidia kuchambua sukuma, na juu ya rafu kulikuwa na sufuria ndogo yenye mkono uliovunjika aliyoiita "sufuria ya Talaso." Hiyo haikupikiwa nyama ya kwao isiyo halali kwangu hata siku moja. Mimi ni Mborana na Mwislamu, yeye ni mtu wa kanisa, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nikichelewa kurudi alikuwa akisema kwa sauti, ili nisikie kutoka njiani, "Huyu mtoto wa ngamia atarudi wakati ugali imekuwa jiwe."

Halafu vifaranga wa bata wakaanza kufa. Asubuhi wanakimbia, kufika saa sita mmoja amelala ubavu, miguu inapiga kama anaogelea hewani, kichwa kinarudi nyuma mpaka kinagusa mgongo, na kabla jua halijashuka amekwisha. Wakubwa hawakuguswa. Mama Nakiru hakulia, lakini aliacha kuimba akipika, na kwangu hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Habari zilifika kwa watu wa mifugo, na wao wakamleta Daktari Wanja, mama mrefu wa kutoka Nairobi aliyekuwa akitafuta magonjwa ya ndege wa kufugwa. Alikuja na dereva wake, Mwenda, Mmeru wa maneno mengi na shavu lililojaa miraa. Daktari alishika bata mmoja mmoja, akamwingizia kijiti cha pamba kooni, kisha kingine nyuma, akavitia kwenye vichupa na vichupa kwenye sanduku la barafu. Mama Nakiru alikuwa amemshikia bata mabawa.

"Daktari, hata huko nyuma unaangalia?"

"Huko ndiko kwenye habari nyingi, mama."

"Mimi nimewafuga miaka yote na sijawahi tafuta habari huko."

Mwenda akacheka mpaka akashika gari. Daktari naye alicheka, na ninalisema hilo kwa sababu watu wengi walikuja kusema baadaye kwamba alikuwa mtu asiyecheka.

Majibu yalichukua muda. Daktari aliporudi alikubali kuketi jikoni, akapewa chai, na mimi nilikuwa pale nikisugua sufuria, basi nilisikia yote. Alisema kwamba katika vile vichupa maabara imekuta kirusi kisichofanana na kirusi chochote cha bata walichowahi kukipima. Kipya. "Kipya kwetu sisi," akajirekebisha. Mama Nakiru akauliza kama ndicho kilichoua. Daktari akazungusha kikombe. Alisema hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu kirusi kile kile kimo pia ndani ya bata wakubwa ambao hawana neno, wanakula na kutaga. Kukikuta mahali penye kifo si kusema kimeua. Inaweza kuwa kimeua, na inaweza kuwa kilikuwa tu kimekaa pale, kama mpangaji. Mpaka ajaribu kwa bata wasafi, ambao hawajawahi kukutana nacho, hatajua. "Na kama kinaua?" Mama Nakiru akauliza. Daktari hakumficha. Alisema kama kinaua, serikali huenda itaamuru bata wote wa mfereji ule wauawe na kuchomwa, na wataanza na wake. Mama Nakiru akaongeza maji kwenye chai iliyokuwa tayari imejaa maji.

Daktari alikodi nyumba ya mawe iliyokuwa ng'ambo ya mfereji, akajenga mabanda mawili ya wavu nyuma yake, na akatafuta mtu wa kuyalinda. Alitaka mtu aliyezoea bata lakini asiye na ndege wake mwenyewe. Mama Nakiru ndiye aliyenitaja. Sharti lilikuwa moja lenye matawi mengi: mtu anayeingia mabandani asikanyage boma lolote lenye kuku au bata, na ndege yeyote, yai, unyoya au nyama ya ndege isipite lango la nyumba ile. Msomaji asiyejua Burat anaweza kuona hilo ni dogo. Mimi nilihesabu kichwani boma lisilo na kuku na sikupata hata moja. Nilikubali. Nilitaka kazi, na pia nilifikiri nikiwa upande ule nitakuwa karibu na jibu, na jibu likiwa zuri nitalivusha mfereji mimi mwenyewe. Hata sasa sijui ni sababu ipi kati ya hizo mbili ilikuwa kubwa.

Chumba changu kipya kilikuwa na dirisha moja, kitanda cha chuma na saruji iliyokuwa baridi hata wakati wa jua kali. Alfajiri tarumbeta ya kambini ikilia, ninaswali, ninavaa ovaroli, ninakanyaga ndani ya karai la maji ya dawa na kwenda banda la kwanza, la bata wasiopewa kitu. Ndipo ninabadilisha gambuti na kwenda banda la pili, la watakaopewa kirusi. Kamwe si kinyume chake. Nikitoka la pili ninaoga mwili mzima kabla ya kugusa kitu kingine. Mayai yalitoka kwenye shamba la mbali ambalo bata wake walipimwa wakakutwa hawana kirusi, yakaanguliwa kwa mashine. Kundi la kwanza liliharibika stima ilipopotea, mayai yakaoza. La pili lilikua likapita umri kabla ya kirusi kufika kutoka maabara, maana barabara ya huko juu ilikuwa imekatwa na mvua. Kwa hivyo miezi ilipita na mimi nalinda bata wasiojaribiwa kitu. Daktari alikuwa Nairobi wiki nyingi kuliko alivyokuwa Burat. Nilianza kuongea na bata kwa Kiborana, halafu nikaona ninaongea nao kwa Kiswahili, kana kwamba ni wageni, na siku hiyo ndiyo niliyoanza kuandika.

Kilichoniweka sawa ni jiwe. Nje ya lango kulikuwa na jiwe pana, na Mama Nakiru alikuwa akivuka mfereji adhuhuri anaweka pale ile sufuria yangu, githeri au wali na maharagwe, halafu anarudi upande wake na kunipigia kelele nitoke. Nilikula nimesimama, tukizungumza kutoka kingo mbili, maji yakipita katikati. Sufuria niliichovya kwenye dawa kabla ya kuirudisha.

"Talaso, sufuria yangu inanuka hospitali."

"Ni sheria, mama."

"Sheria ioshwe na sabuni kama watu."

Wamama wa kwetu waliopita na mitungi ya maziwa kwenda mjini walinisalimu, salaam aleikum, nagaa, habari za nyumbani, kisha mmoja alikuwa hakosi kusema, "Na kuku wa maji wanaendeleaje? Umewapeleka malisho?" Wengine wanacheka. Kwetu ndege hakuwa chakula wala mali, na msichana kuchunga bata kulikuwa kichekesho cha kutosha kumfikisha mtu sokoni bila kuchoka. Sikuwachukia. Lakini walipopita na kicheko kikapotea upande wa barabara, nilikuwa natamani warudi wanicheke tena.

Kundi la tatu lilianguliwa karibu na Krismasi, na hili ndilo lililotakiwa. Daktari alikuja nalo likiwa la siku chache, akakaa, akasema juma lile lango lifungwe hata kwa upepo kama inawezekana. Siku ya Krismasi nilimsikia Mama Nakiru akiniita mapema kuliko kawaida. Alikuwa amevaa kitenge kipya, amevuka mfereji, amesimama juu ya jiwe lenyewe akiwa na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Harufu ilinifikia kabla hajasema. Alikuwa amechinja bata, dume zuri alilokuwa akilitunza, na kwa sababu yangu alikuwa amemtuma Nakiru akamwite Mzee Ali wa msikitini aje achinje yeye, kwa bismillahi, akielekea kibla. Huku kwetu watu hufanya hivyo, Mkristo anayetaka jirani Mwislamu ale kwake huita mkono wa Mwislamu ushike kisu. Hakuna heshima kubwa ya mezani kuliko hiyo.

"Leo huna sababu," alisema. "Amechinjwa na mtu wenu. Kula, mimi nikuangalie."

Nilisimama ndani ya lango. Nilimwambia siwezi. Akafikiri nina wasiwasi na uchinjaji, akarudia jina la Mzee Ali polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Nikamwambia si hivyo, ni sheria, nyama ya ndege haiingii, na mimi nikitoka nikaila sitarudi kwa vifaranga. Daktari alikuwa barazani na alisikia. Ni haki niseme kwamba hakuniacha peke yangu. Alitoka mpaka langoni, akasema, "Mama, ni mimi nimekataza, si yeye. Nikikosea sasa, kazi yote ya mwaka haina maana, na wewe ndiwe nitakayekuumiza." Yote yalikuwa kweli. Mama Nakiru alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo bata wangu ni uchafu," akasema.

"Sijasema hivyo."

"Hujasema."

Akarekebisha kitambaa juu ya sahani, upande mmoja kisha mwingine, akashuka jiweni. Alivuka mfereji bila kuinua kitenge, kikalowa. Kesho yake hapakuwa na sufuria juu ya jiwe, wala kesho kutwa.

Daktari aliwatilia bata wa banda la pili kirusi mdomoni, tone kwa tone, na kazi yangu ikawa kuangalia. Siku hizo hizo Mwenda alikuwa dukani akinunua sigara, watu wakamuuliza habari za bata, naye akaeleza alichokijua: banda la pili likifa, mfereji wote utachomwa. Hakusema uongo, na sidhani alisema kwa ubaya. Ila Mama Nakiru alikuwa amesimama hapo akinunua chumvi. Alifanya ambacho mtu yeyote wa mifugo huku angefanya. Ugonjwa ukija, au ukame, au watu wa kuchukua mifugo kwa nguvu, huachi mali yote mahali pamoja. Unaigawa. Wawili kwa binamu, watatu kwa shemeji, ili balaa ikifika hapa ikute nusu ya boma iko kwingine. Nimeona mbuzi na ng'ombe wakigawanywa hivyo tangu nikiwa mdogo, na ni akili nzuri. Asubuhi moja niliona ng'ambo matenga yakipandishwa kwenye pikapu, na shingo za bata zikitokea kwenye matundu. Nilifikiri anapeleka sokoni. Walikuwa wakienda Merti na Garbatulla, mbali huko kwa jamaa zake.

Daktari alipojua alikaa kitako kwenye ngazi ya baraza. Sijamsikia akipandisha sauti, hata siku hiyo. Alisema, "Kama kinaua, Talaso, sasa kiko Merti, kwenye mto." Baada ya hapo kila nilipofungua banda la pili nilikuwa nimebeba Burat na Merti na Garbatulla, na Mama Nakiru juu yake. Asubuhi moja nikakuta kifaranga amelala ubavu, miguu inapiga hewani. Nilisimama na ndoo mkononi. Sikuomba dua, sikukimbia kumwita Daktari, nilitazama tu ng'ambo, ambako moshi wa jikoni ulikuwa umeanza kutoka kwenye mabati. Halafu kifaranga akalia kwa hasira. Kidole chake kilikuwa kimenasa kwenye wavu. Nilikinasua, akakimbilia maji akiwa mzima kama wenzake, na mimi nikaketi kwenye kinyesi cha bata nikalia kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Hawakufa. Siku zilipita, majuma yakapita, banda la pili likanenepa sawa na la kwanza. Daktari alipasua baadhi yao juu ya meza ya mabati nyuma ya nyumba, akanionyesha maini, laini, yenye rangi yake. Kirusi kilikuwamo, kinaishi ndani yao, na hakikuwafanya chochote alichoweza kukiona. "Mpangaji," alisema. Alitabasamu kidogo. "Nimevumbua mpangaji." Nilifikiri angefurahi, na alifurahi, lakini alinawa mikono muda mrefu. Mwenda aliniambia kwamba kirusi kinachoua ndicho kinachompa mtu jina huko kwao, na kisichoua kinampa kurasa chache. Sina njia ya kujua kama ndivyo. Ninachojua ni kwamba aliandika kile alichokikuta, wala hakukipaka rangi. Kuhusu vifaranga wa mwanzo, alishuku mahindi yenye ukungu, kwa sababu watoto wa bata hawayawezi, na mwaka ule mahindi yaliyouzwa sokoni yalikuwa mabovu. Lakini gunia walilolishiwa lilikuwa limekwisha zamani, hakikubaki cha kupima. Alisema hajui, na akaandika hajui.

Tulivuka mfereji pamoja kupeleka habari. Sheria ilikuwa imekwisha, mabanda yamefungwa. Mama Nakiru alikuwa uani akisuka vitunguu, na ua ulikuwa umenyamaza namna ambayo sikuwahi kuusikia. Bata jike mmoja tu mzee, kiwete, alikuwa kivulini. Daktari akamwambia bata wake hawana kosa, hakuna atakayechomwa, angeweza kuwaacha hapo hapo nyumbani. Mama Nakiru hakuinua macho.

"Wapi bata?"

Nusu ya wale wa Merti walikufa njiani kwa joto, ndani ya matenga. Wa Garbatulla hawakujulikana. "Daktari," akasema, "umeniletea majibu ya mtihani na mtoto ameshaacha shule." Kisha akampa kiti, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, na akamwambia Nakiru aweke chai. Mimi nilikuwa nimebaki kwenye lango. Hakuna aliyenizuia. Nilingoja aniite mtoto wa ngamia, au aniambie niondoke, na yeye aliendelea kusuka vitunguu. Labda alikuwa akingoja nitembee tu niingie, kama bata. Hilo nimelifikiria miaka mingi. Daktari alipotoka nilitoka naye. Mwezi uliofuata alihama, nami nikahamia mjini, kwenye biashara ya maziwa.

Tulisalimiana sokoni miaka yote iliyofuata, mimi na Mama Nakiru. Habari, nzuri, watoto, wazima, vitunguu vipi, maziwa vipi. Wakati mwingine nilimtilia kikombe juu ya kipimo na yeye akaniwekea kitunguu kikubwa juu ya mfuko. Hatukugusa yale mengine. Kwake sikwenda, na yeye hakunialika, na hakuna anayeweza kusema tulikosana.

Jumamosi nilifika Burat kabla ya watu kujaa. Nyumba ya mawe ina wapangaji wengine sasa, na lile jiwe limevunjwa, sijui kwa kazi gani. Mfereji bado unapita. Nilipokaribia lango la Mama Nakiru nilisikia kwanza kabla ya kuona: bata, wengi, wanagombania maji machafu ya vyombo. Nakiru alinikuta nimesimama nikiwatazama. Ni mama wa watoto wakubwa sasa, ana sauti ya mamake.

"Hao ni wa Merti," alisema. "Waliobaki walizaa. Binamu akarudisha wazao wao, kama inavyofanywa kwa ng'ombe. Mama alicheka siku nzima. Hukujua?"

Sikujua. Miaka yote ya habari, nzuri, sikuwa nimeuliza.

Baada ya kaburi watu walikaa kwenye turubai, Wakristo na Waislamu kila mmoja alipopata kivuli, na vyakula vikaanza kupita. Nilikuwa nimejiandaa kuchukua chai na mkate nirudi mjini. Nakiru alinishika mkono akanipitisha kati ya watu mpaka jikoni, mabati yale yale, masizi yale yale, akanikalisha kwenye kigoda. Aliniwekea mapajani ile sufuria ndogo ya mkono uliovunjika, imefunikwa kwa kitambaa.

"Amechinjwa na mtoto wa Mzee Ali," alisema. "Mama aliagiza mwenyewe akiwa kitandani. Alisema mmoja achinjwe na mkono wenu, Talaso asipate sababu."

Sikuwa nimewahi kula bata maishani. Nyama yake ilikuwa ngumu na nyeusi kuliko nilivyofikiri, yenye mafuta mengi, na nikisema niliipenda nitakuwa nimeongeza. Bata mmoja aliingia, akanizunguka miguuni, akatoka. Nilikula mpaka nikafika chini ya sufuria, nikaiosha kwa sabuni, nikairudisha kwenye rafu.